Maswali ya Wasomaji: Kinu Kipya cha Nyuklia Kikija, Nani Anakula?

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache tu hizi riakta za kisasa, zile zinazopoozwa kwa sodiamu au gesi ya heliamu au chumvi iliyoyeyuka badala ya maji, pamoja na zile ndogo zinazoundwa kiwandani vipande vipande halafu zinaletwa kuunganishwa saiti. Barua zikamiminika, na karibu zote hazikuuliza habari za atomu, zimeuliza habari za mfuko. Sawa, leo tuongee mfuko.

SWALI: Habari mhariri. Nimemaliza mafunzo ya umeme wa viwandani juzi tu. Kila nikisoma kuhusu hivi vinu nakuta "maelfu ya ajira". Ni kweli au ni maneno ya jukwaani? – Fundi anayesubiri

JIBU: Maelfu ni kweli mdogo wangu, ila uliza maelfu ya muda gani. Pale Vogtle, kaunti ya Burke, jimbo la Georgia huko Marekani, walipojenga riakta mbili mpya kuna kipindi saiti ilikuwa na watu kama 9,000 kwa mpigo. Ya kwanza ikaanza kuuza umeme Julai 2023, ya pili Aprili 2024, na kazi za kudumu za kuendesha hizo mbili zilitajwa kuwa kama 800. Piga hesabu mwenyewe. Na zile ni riakta kubwa za kupoozwa kwa maji, sasa njoo kwenye hizi mpya: Kemmerer, mji mdogo wa Wyoming wenye watu hata 3,000 hawafiki, kampuni ya TerraPower iliyoanzishwa na Bill Gates inajenga riakta ya sodiamu inayoitwa Natrium, megawati 345, na makadirio yao ni wafanyakazi kama 1,600 ujenzi ukipamba moto halafu 250 wa kudumu. Kwa mji wa ukubwa ule 250 ni wengi sana, mtaa mzima huo, lakini sio maelfu.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye mabango hulikuti. Ile riakta ndogo ya kisasa inauzwa kwa hoja kwamba kazi nyingi imeshafanyika kiwandani kabla haijafika saiti, ndo maana wanasema itakuwa nafuu, na mimi hoja naielewa vizuri tu, lakini kazi ikihamia kiwandani na mshahara nao unahamia kiwandani. Angalia Darlington, Ontario, Kanada, ambako mwaka 2025 serikali ya jimbo ilitoa idhini ya kujenga ya kwanza kati ya riakta nne za megawati 300 kila moja. Lile pipa kubwa la chuma linaloshika kiini cha riakta linatengenezwa Cambridge, upande mwingine kabisa wa Toronto. Kwa hiyo ukiambiwa mradi utaleta ajira, uliza zitatua wapi, maana mji wenye kinu na mji wenye kiwanda mara nyingi ni miji miwili.

Kwako wewe binafsi, kazi za kudumu ambazo fundi umeme anaweza kuzifikia ni za vyombo vya kupimia na kudhibiti, matengenezo ya pampu na mota, swichi kubwa, na baadaye ukitaka uendeshaji wenyewe. Leseni ya kuendesha riakta inachukua mwaka na zaidi wa masomo na mitihani, kwa hiyo wanaochukuliwa wanaanza kufundishwa wakati kinu bado ni shimo. Ukisubiri tangazo la kazi siku wanayokata utepe umechelewa miaka mitatu.

SWALI: Nina karakana ya kuchomelea, tuko mafundi sita. Tunatengeneza matangi, fremu, mabomba. Je, karakana kama yangu inaweza kupata tenda kwenye mradi wa namna hii au zote wanachukua wakubwa? – Mwenye karakana

JIBU: Unaweza, ila nikueleze kitakachokushangaza. Uchomeleaji wenyewe labda unauweza tayari, kitakachokutoa jasho ni karatasi.

Chukua bamba moja tu la chuma. Likitoka kiwandani limegongwa namba inayoonyesha liliyeyushwa kwenye mkupuo gani, na linakuja na cheti kinachosema lina kaboni kiasi gani, manganizi kiasi gani, limevutwa kwa nguvu kiasi gani likakatika. Wewe unataka kulikata vipande viwili, sawa, lakini kabla moto haujagusa chuma ile namba lazima uwe umeihamishia kwenye kipande cha pili na mkaguzi ameangalia akasaini. Ukikata kwanza ukasema nitaandika baadaye basi kile kipande, hata kiwe kizuri namna gani, ni skrapa kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kimetoka wapi. Vijiti vya kuchomelea navyo unapewa stoo kwa kusaini, unatembea navyo kwenye kioveni cha kubeba visile unyevu, vikikaa nje kupita muda uliowekwa unarudisha. Kila mshono unajulikana nani kauchoma. Fundi mzoefu wa miaka ishirini akiingia kwenye huu utaratibu wiki ya kwanza anaona anadharauliwa.

Na usidhani wakubwa wanafaulu tu. Zile moduli, yaani vipande vikubwa vya kuunganishwa saiti, za riakta mbili za Vogtle na nyingine mbili za V.C. Summer, South Carolina, zilipangwa kutoka kwenye kiwanda kikubwa kilichojengwa Lake Charles, Louisiana, na matatizo ya ubora na nyaraka pale yakawa sehemu ya ucheleweshaji mkubwa wa miradi yote miwili. Kiwanda kilikuwa na mashine zote za kisasa, kilichokosekana ni mazoea ya kufanya kazi namna hii.

Mlango wako mwepesi ni sehemu isiyo ya nyuklia. Hapa riakta za kisasa zina ahueni kidogo kwa watu kama nyie: ile Natrium imepangwa upande mmoja uwe wa riakta, na upande wa pili, mbali kidogo, yawepo matangi makubwa ya chumvi iliyoyeyuka ya kuhifadhi joto pamoja na tabo (mtambo unaozungushwa na mvuke) na jenereta, ili ule upande wa pili ujengwe kwa viwango vya kawaida vya viwanda. Ndo maana kule Kemmerer walianza kazi za upande usio wa nyuklia Juni 2024 huku kibali cha riakta yenyewe bado kinachunguzwa. Matangi, ngazi, vishikilia mabomba, majengo ya stoo, uzio, hayo ndo yako. Anzeni huko, mzoee kuandika, halafu baada ya miaka miwili mitatu mkiona inalipa ndo muombe cheti cha ubora wa nyuklia, kwa sababu cheti chenyewe ni gharama na kuna mtu inabidi umlipe mshahara kazi yake iwe makaratasi tu, hashiki hata nyundo.

SWALI: Kinu kikiwa kwetu umeme si utakuwa rahisi? – Mama wa watoto wanne

JIBU: Dada yangu, hapana, si kwa sababu hiyo. Umeme ukishaingia kwenye gridi haujui umezaliwa wapi, unalipa bei ile ile anayolipa aliye mbali, labda mjadili punguzo maalum kwa wakazi na liandikwe. Halafu hizi za kwanza za aina mpya sio rahisi hata kidogo. Kulikuwa na mradi wa NuScale wa riakta ndogo sita, jumla megawati 462, ujengwe Idaho na umeme wake ununuliwe na miji midogo midogo ya magharibi mwa Marekani. Bei iliyolengwa ilikuwa dola 58 kwa megawati-saa, mwanzoni mwa 2023 ikatangazwa 89, na hiyo ni baada ya kuhesabu ruzuku ya serikali, wanunuzi wakashindwa kutimia na Novemba mwaka ule ule mradi ukafutwa. Mji ukitaka umeme wa bei chee kesho asubuhi, nyuklia ya kisasa sio jibu la swali hilo.

SWALI: Kuna tetesi za mradi na mimi nina kiwanja karibu na eneo linalotajwa. Nikope nijenge vyumba vya kupangisha wafanyakazi? Jirani yangu ameshaanza msingi. – Mwenye kiwanja

JIBU: Jirani yako anaweza akatajirika au akalia, na tofauti kati ya hayo mawili haitategemea akili zake.

Tarehe 31 Julai 2017 wafanyakazi zaidi ya 5,000 wa V.C. Summer, pale Jenkinsville, waliambiwa mradi umesimama, warudi nyumbani. Siku ile ile. Zilikuwa zimeshatumika kama dola bilioni 9, kampuni iliyobuni riakta, Westinghouse, ilikuwa imeomba kinga ya kufilisika miezi minne kabla, na wenye mradi wakapiga hesabu wakaona haimaliziki. Sasa fikiria wewe ndo ulikuwa na vyumba kumi na viwili vya wachomeleaji na mkopo wa benki. Hukukosea kitu, vyumba vizuri, pango halali, wapangaji wanalipa, na ndani ya wiki moja wote wamefunga mabegi.

Na si lazima mradi ufe ndo uumie, ukichelewa tu inatosha. Desemba 2022 TerraPower walitangaza ratiba ya Kemmerer inasogea angalau miaka miwili, na sababu haikuwa mji wala wakandarasi, ilikuwa mafuta: riakta ile inahitaji urani iliyorutubishwa zaidi ya kiwango cha kawaida, na aliyekuwa anaiuza kibiashara wakati ule ni Urusi peke yake, vita ya Ukraine ikaharibu hesabu. Vita iko bara jingine na pango linachelewa kwako.

Ningekuwa mimi ningejenga kitu ambacho kina mteja hata mradi usipokuja, kiwe kidogo, na deni lake niweze kulibeba nyumba ikiwa nusu tupu. Tetesi sio dalili. Dalili ni kibali cha ujenzi kimetoka, mkataba wa mafuta upo na mkandarasi mkuu ameleta mitambo saiti, na hata hapo bado nakopa kwa kujizuia. Jambo lingine: vinu vya zamani vya maji husimama kila baada ya miezi 18 hadi 24 kubadilisha mafuta, wanakuja mafundi wa nje hata elfu moja kwa wiki kadhaa, nyumba za wageni zinajaa hadi sebuleni, na miji mingi yenye vinu imejenga biashara juu ya huo msimu. Lakini baadhi ya riakta mpya zinazotumia mafuta ya vitufe, yaani vijipira vyenye urani ndani, kama ile ya Shidao Bay kule Shandong, China, iliyoanza kazi ya biashara Desemba 2023, zinalishwa mafuta kidogo kidogo huku zinawaka. Msimu wa namna ile hapo unapungua sana. Uliza ni aina gani kabla hujamwaga zege.

SWALI: Nimefanya kazi kituo cha umeme cha makaa ya mawe karibu maisha yangu yote na tunaambiwa kitafungwa. Wanasema riakta itajengwa pale pale. Sisi tutachukuliwa? – Mzee wa boila

JIBU: Shikamoo mzee. Wengi wenu mnaweza kuchukuliwa, kwa sababu kutoka kwenye mvuke kwenda mbele mitambo inafanana, tabo ni tabo, kondensa ni kondensa, na mtu anayejua sauti ya beringi inayoanza kufa anahitajika kote kote. Wizara ya Nishati ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2022 kuhusu kugeuza vituo vya makaa kuwa vya nyuklia, ikakadiria kutumia tena nyaya, ardhi na baadhi ya miundombinu kunaweza kupunguza gharama ya ujenzi kwa asilimia 15 hadi 35. Kemmerer nayo ilichaguliwa 2021 ikiwa jirani na kituo cha makaa cha Naughton.

Hofu yangu iko kwenye kalenda. Makaa yakizimwa mwaka huu na riakta ikawashwa miaka saba ijayo, fundi wa miaka arobaini atasubiri kwa kula nini? Atahamia mji mwingine na hatarudi. Kwa hiyo chama chenu cha wafanyakazi kisidai tu ahadi ya kuchukuliwa, kidai tarehe zipishane, yaani mafunzo yaanze mkiwa bado mnalipwa kwenye kituo cha zamani. Kikifungwa mkatawanyika, hakuna wa kumfundisha.

SWALI: Mbali na umeme, hizi riakta za kisasa zinaongeza nini ambacho jua na upepo haviwezi? Nauliza kwa nia njema. – Mwalimu wa jiografia

JIBU: Joto, mwalimu. Na mimi hapa ndipo naona kuna uchumi wa kweli wa mji, kuliko hata kwenye umeme.

Riakta ya kawaida ya maji inatoa joto la nyuzi kama 300, linatosha kuzungusha tabo lakini viwanda vingi vinataka zaidi. Ile ya gesi ya heliamu kule Shidao Bay gesi yake inatoka kwenye kiini ikiwa na nyuzi 750. Mvuke unaotengenezwa kwa joto la namna hiyo unaweza kupeleka kiwanda cha kemikali, cha karatasi, cha kusafisha mafuta ghafi. Umeme unasafirishwa kilomita elfu moja, mvuke husafirishi mbali, unapoteza joto njiani, kwa hiyo kiwanda kinachoutaka inabidi kihamie jirani na kinu. Hapo ndo mji unapata waajiri wengine wa kudumu ambao sio kinu chenyewe.

Kule Seadrift, Texas, kampuni ya kemikali ya Dow inapanga na X-energy kuweka riakta nne za gesi za megawati 80 kila moja kwa ajili ya mvuke na umeme wa kiwanda chao, na maombi ya kibali cha ujenzi yaliingia 2025. Maombi sio kinu, tusishangilie mapema. Mfano unaofanya kazi tayari ni wa riakta za kawaida: Haiyang, mji wa pwani hapo hapo Shandong, tangu Novemba 2021 nyumba za mji zinapashwa joto wakati wa baridi kwa maji ya moto kutoka kwenye kinu cha nyuklia, wakazima maboila ya makaa. Mji unaopanga mambo yake vizuri ungetenga ardhi ya viwanda ukutani mwa kinu tangu ramani ya kwanza, mabomba yapitie wapi, barabara ipite wapi. Wengi wanatenga ardhi ya hoteli.

SWALI: Mimi ni diwani. Wawekezaji wamekuja na slaidi nzuri sana na wanataka tuwasamehe kodi miaka ya mwanzo. Tukubali? Tuombe nini? – Mheshimiwa asiyetaka kutajwa

JIBU: Mheshimiwa, kodi ndo mchezo wote ulipo, ajira ni za kuonyesha kwenye picha.

Japani walianza mwaka 1974 kwa sheria za kutoa ruzuku kwa miji inayokubali vinu. Pesa zikamwagika, kumbi za michezo, mabwawa ya kuogelea, ofisi za halmashauri zinang'aa. Ila ruzuku ile ilikuwa nono zaidi miaka ya ujenzi, na kodi ya mali ya mtambo inashuka kila mwaka kwa sababu thamani ya mtambo kwenye vitabu inashuka, wakati bwawa la kuogelea linahitaji dawa, pampu na mlinzi milele. Mji wa Futaba, Fukushima, ukajikuta kwenye shida ya bajeti, na halmashauri yake mwaka 1991 iliomba yenyewe iongezewe riakta ya 7 na ya 8. Yaani dawa ya kupungukiwa na pesa za kinu ikawa kinu kingine. Hazikujengwa. Mwaka 2011 mji wote ukahamishwa baada ya ajali ya kinu cha Fukushima Daiichi, na wakazi wa kwanza waliruhusiwa kurudi kuishi Agosti 2022.

Sasa wewe ukisamehe kodi miaka ya mwanzo, unasamehe ile miaka ambayo mtambo una thamani kubwa kuliko yote. Unabaki na mkia. Wakisema bila msamaha hawaji, basi badala ya msamaha omba kiasi maalum cha kila mwaka kilichoandikwa kwenye mkataba, kisichofuata thamani ya vitabu, kianze kulipwa tangu ujenzi kwa sababu barabara zako zinaharibika tangu ujenzi, shule zinajaa tangu ujenzi, na zahanati pia. Na kiendelee hata mtambo ukizimwa, mpaka siku mafuta yaliyotumika, yaani urani iliyomaliza kazi kwenye riakta lakini bado ina mionzi, yatakapoondoka eneo lako.

Hicho kipengele cha mwisho watakuambia ni cha ajabu. Waonyeshe Zion, mji ulio kando ya Ziwa Michigan, kaskazini mwa Chicago. Kinu chao chenye riakta mbili kilifungwa 1998, chanzo kikubwa kuliko vyote cha kodi ya mji kikaporomoka, waliobaki wakapandishiwa viwango vya kodi ya nyumba kuziba pengo, wafanyabiashara wakaona heri wajenge mji wa jirani. Majengo ya riakta yameshabomolewa yote. Lakini makasha ya mafuta yaliyotumika yapo pale pale ufukweni, yanalindwa na walinzi wenye silaha, kwa sababu Marekani mpaka leo haina ghala la kudumu la kuyazika, eneo la Yucca Mountain lilichaguliwa 1987 na halijawahi kupokea hata kasha moja. Kwa hiyo Zion haina kodi ya kinu na haina ufukwe wake wote pia. Riakta za kisasa nazo zitaacha mafuta yaliyotumika, ya umbo tofauti tu, na slaidi za wawekezaji huwa zinaishia kwenye kukata utepe.

Mfuko wa kubomoa mtambo nao uuone kwa macho: uko benki gani, una kiasi gani leo, nani anaweza kuugusa, na kampuni ikiuzwa mfuko unabaki au unaondoka na mnunuzi. Halafu mheshimiwa, kabla ya kikao kijacho tafuteni mwanasheria wa kodi wa kwenu wenyewe. Yule aliyekuja na wawekezaji, hata kama ni mcheshi na amewaletea chai, analipwa na wao.